Hewa Zilizopandana Juu ya Kituku

Kituku, mjini Goma kwenye ufuko wa Ziwa Kivu, ni soko na pia ni bandari. Boti za Minova, za Idjwi na za vijiji vya Kalehe hufika hapo na makala, maharagwe, mihogo, sombe, ndizi na mbuzi, na watu wamebanana katikati ya magunia. Tangu Februari 2024, vita vilipoifunga barabara ya Sake, sehemu kubwa ya chakula cha Goma ilipita majini. Tarehe 3 Oktoba mwaka huo MV Merdi, boti iliyotoka Minova, ilizama mita mia kadhaa tu kabla ya kufika, mbele ya macho ya watu waliokuja kupokea ndugu na mizigo yao. Gavana wa Kivu Kusini alitangaza siku hiyo kwamba abiria walikuwa 278 na waliokufa 78. Sababu iliyotajwa kwanza ilikuwa uzito, na uzito ni sababu ya kweli. Boti iliyojazwa mpaka maji yakakaribia ukingo haina pa kujitetea wimbi likija.

Sura hii inalifuata wimbi hadi linakotoka. Wimbi husukumwa na upepo, na upepo wa Ziwa Kivu hauzaliwi juu ya maji peke yake. Mwingine huteremka usiku kutoka mgongo wa volkano ya Nyiragongo. Mwingine huanguka kutoka ndani ya wingu lenye kimo cha kilomita kumi na zaidi. Mwingine huja kwa sababu hewa ya msitu wa Kongo imekutana na hewa ya Bahari ya Hindi juu ya milima ya Masisi. Hewa iliyo juu ya Kituku si kitu kimoja. Ni hewa kadhaa zilizopandana, kila moja na joto lake, unyevu wake na mwendo wake, na hali ya hewa tunayoiona chini hutengenezwa pale zinapogusana. Ninaamini kwamba mama anayepanda boti na magunia yake ana haki ya kujua kinachopangwa huko juu kabla kamba haijafunguliwa, na ndiyo maana nimeanza na Kituku.

Uso wa ziwa uko mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa Goma, hata akiwa amekaa barazani, ameshaacha chini yake karibu sehemu moja kati ya sita ya uzito wote wa angahewa. Juu yake kuna troposfia, tabaka la mawingu na mvua, ambalo katika nchi za ikweta hufikia kilomita 16 hadi 18, ilhali kwenye ncha za dunia huishia kilomita nane au tisa. Ndani yake kadiri unavyopanda ndivyo baridi inavyozidi, kwa wastani nyuzi sita na nusu kila kilomita. Kwenye mpaka wake wa juu, unaoitwa tropopozi, baridi hukaribia nyuzi 80 chini ya sifuri. Hapo jambo linageuka: katika stratosfia, hewa ya ozoni hunyonya mionzi ya jua, na joto huanza kupanda tena hadi kimo cha kilomita 50 hivi. Hewa yenye joto iliyokaa juu ya hewa ya baridi haina haja ya kushuka, wala ile ya chini haina nguvu ya kupanda. Ndiyo sababu tropopozi huzuia. Wingu la radi linapofika hapo hufanya kama moshi wa jiko la makala unapogonga mabati: haliwezi kuendelea juu, basi hutanda pembeni, na sisi tulio chini tunaona kichwa chake kipana kilicholala upande mmoja.

Lakini kuna kizuizi kingine kilicho karibu zaidi, nacho watu wa Goma wanakijua kwa uchungu. Usiku wa anga safi na usio na upepo, mawe meusi ya lava hupoteza joto lake upesi. Hewa inayoyagusa hupoa, inakuwa nzito, na kukaa chini, huku hewa ya mita chache juu yake ikibaki na joto kidogo. Mpangilio wa kawaida umepinduka, na hakuna kinachochanganyika. Magharibi ya mji, kuelekea Bulengo na Sake, ardhi hutoa hewa ya kaboni dioksidi kupitia nyufa za volkano. Hewa hiyo ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida. Mchana, jua linapochemsha ardhi na upepo wa ziwa unapovuma, hutawanywa. Usiku hujikusanya katika mashimo na mabonde madogo, haina rangi, na asubuhi mbuzi hukutwa wamelala wamekufa. Haya ndiyo mazuku. Watoto wamekufa namna hiyo, na wazazi wa vijiji hivyo huwakataza kushuka bondeni alfajiri, wakiwaambia wangoje jua. Katazo hilo ni elimu ya matabaka ya hewa iliyo sahihi kabisa. Wanajua ni saa ngapi hewa ya chini imejitenga na ya juu, na ni saa ngapi zinaungana tena.

Hewa hiyo hiyo ya usiku iliyopoa haitulii mlimani. Hutiririka kufuata mteremko, hupita juu ya mji, na kuingia ziwani. Kutoka upande wa Rwanda nako hutoka hewa kama hiyo, na kutoka Masisi na Kalehe vilevile. Ziwa, ambalo maji yake ya juu hukaa na joto la nyuzi 23 au 24 usiku na mchana, linakuwa sehemu yenye joto kuliko nchi kavu inayolizunguka. Pepo za nchi kavu zikikutana katikati, hewa ya ziwa yenye joto na mvuke haina pa kwenda ila juu. Mchana mwenendo ni kinyume: ziwa ni baridi kuliko milima, upepo hutoka majini kwenda nchi kavu, na mawingu husimama juu ya vilele. Mtafiti Mbelgiji Wim Thiery na wenzake walionyesha mwaka 2015, kwa kompyuta na setilaiti, kwamba maziwa makuu ya Afrika huhamisha mvua kwa njia hii, kutoka nchi kavu ya mchana kwenda majini usiku. Wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, wako ziwani saa hizo hasa, taa zao zikiwaka juu ya mitumbwi iliyofungwa mitatu mitatu.

Tuangalie sasa lile wingu lenyewe, kwa maana ndani yake ndimo matabaka yanapogusana kwa nguvu kuliko mahali pengine popote. Hewa yenye mvuke ikipanda hupoa, mvuke unageuka matone, na kugeuka huko hutoa joto. Joto hilo huisukuma hewa izidi kupanda, mpaka kwenye tropopozi. Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili hutokea katikati, kwenye kimo cha kilomita tatu hadi sita, ambako mara nyingi hupita hewa kavu inayotoka mashariki. Hewa hiyo inapoingia ndani ya wingu, matone ya mvua hugeuka kuwa mvuke tena, na mgeuko huo hula joto. Hewa inapoa ghafla, inakuwa nzito, inaanguka. Ikigonga uso wa ziwa hutawanyika pande zote kwa kasi. Upepo wa namna hii hutangulia mvua. Huwafikia watu wa majini wakati juu yao kungali na nyota au jua, na dhoruba yenyewe iko kilomita kadhaa nyuma, imefichwa na mlima. Nahodha anayesubiri kuona mvua ndipo arudi ufukweni amechelewa.

Katika bonde la Kongo mzunguko huu una nguvu za ajabu. Utafiti wa radi uliochapishwa mwaka 2016, uliotumia vipimo vya setilaiti vya miaka 1998 hadi 2013, uliiweka Kabare, magharibi ya Ziwa Kivu, katika nafasi ya pili duniani: miako 205 kwa mwaka katika kila kilomita moja ya mraba. Iliyotangulia ilikuwa Ziwa Maracaibo la Venezuela, yenye 233. Sehemu zote mbili zina milima mirefu kando ya ziwa la joto. Kivu inaongeza jambo lake: upepo wa mashariki unaopita kwenye kimo cha kilomita nne hivi, kwa kasi iliyo kubwa kuliko ya upepo wa chini. Pale ambapo upepo wa juu na wa chini hautembei pamoja, wingu huinama, mvua yake haiangukii kwenye hewa inayolilisha, na dhoruba inaweza kuishi saa nyingi badala ya kujizima yenyewe. Dhoruba zinazozaliwa kwenye ukingo wa bonde la ufa husukumwa magharibi, na huweza kufika mbali ndani ya msitu.

Mara nyingine upepo hugeuka ukatoka magharibi. Hewa ya msitu, iliyojaa mvuke, hupanda milima ya Kivu na kuvuka kwenda Rwanda, Uganda na hata Kenya. Mwaka 2020 kundi la watafiti lililoongozwa na Declan Finney lilionyesha kwamba siku za upepo huo Afrika Mashariki hupata mvua nyingi kuliko kawaida. Walionyesha pia kwamba siku hizo huongezeka wakati kuna kimbunga katika Bahari ya Hindi upande wa Madagaska, au wakati linapita lile wimbi kubwa la mawingu ambalo huzunguka dunia kwenye ikweta kwa siku 30 hadi 60, linaloitwa kwa majina ya Madden na Julian walioligundua mwaka 1971. Kwa hiyo mvua ya Goma inaweza kuwa na sababu iliyo maelfu ya kilomita mashariki, ingawa mawingu yenyewe yanatoka magharibi.

Na hapo ndipo stratosfia inapoingia, tabaka ambalo kwa muda mrefu wataalamu walidhani limekaa peke yake huko juu bila habari na sisi. Nchi zetu zina nafasi katika hadithi hii. Volkano ya Krakatoa ililipuka Agosti 1883, na vumbi lake likaonekana kuzunguka ikweta kutoka mashariki kwenda magharibi kwa muda wa wiki mbili hivi. Watu wakahitimisha kwamba upepo wa huko juu hutoka mashariki daima. Mwaka 1908 Mjerumani Arthur Berson alikuja Afrika Mashariki na maputo yenye vipimo, akayarusha kutoka eneo la Ziwa Victoria. Kwenye kimo cha stratosfia aliukuta upepo ukitoka magharibi. Vizazi viwili vya wanasayansi walihangaika kupatanisha habari hizo, wengine wakichora dunia yenye mkanda mwembamba wa upepo wa magharibi ndani ya ule wa mashariki. Jibu lilipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1960, Richard Reed akiwa Marekani na Ebdon na Veryard wakiwa Uingereza: zote mbili zilikuwa kweli. Upepo wa stratosfia juu ya ikweta hugeuka. Huvuma kutoka mashariki, kisha kutoka magharibi, na mzunguko mzima huchukua wastani wa miezi 28. Puto la Berson lilipanda katika nusu nyingine ya mzunguko, basi.

Kinachougeuza ni mawimbi yanayotoka chini. Mawingu ya radi ya ikweta, pamoja na yale ya Kongo, hutikisa hewa iliyo juu yao. Mitikisiko hupanda kupitia tropopozi, na inapovunjika huko juu huacha msukumo wake. Wingu halipiti, lakini nguvu yake inapita. Na stratosfia nayo hujibu. Katika miezi ya Desemba hadi Februari, upepo wa sehemu ya chini ya stratosfia ukiwa wa mashariki, lile wimbi la Madden na Julian huwa na nguvu zaidi. Matayo Indeje na Fredrick Semazzi walichapisha mwaka 2000 utafiti uliohusisha mgeuko wa upepo huo na mvua za misimu za Afrika Mashariki. Uhusiano wa namna hii haumwambii mkulima wa Masisi kama kesho itanyesha. Unampa mtabiri kidokezo cha msimu, na cha ziada ni kwamba upepo wenyewe hutabirika miezi mingi mbele. Au ulikuwa ukitabirika: mwaka 2016 mzunguko ulivurugika kwa mara ya kwanza tangu uanze kupimwa mwaka 1953, kisha ukavurugika tena mwaka 2020.

Mtu wa Goma ataniuliza kuhusu volkano, na swali lake ni la haki. Nyiragongo, yenye mita 3,470, ilifurika tarehe 10 Januari 1977, 17 Januari 2002 na 22 Mei 2021. Mbona milipuko hiyo, iliyoua na kuchoma mitaa mizima, haikubadilisha hali ya hewa ya dunia? Kwa sababu lava ya Nyiragongo ni nyepesi, hutiririka, hairushi majivu hadi stratosfia. Moshi wake wa salfa hukaa ndani ya troposfia, huchukuliwa na upepo wa mashariki kuelekea Masisi, na mvua huushusha kama asidi juu ya mashamba na matangi ya maji ya wanakijiji. Madhara yake ni makubwa lakini ni ya hapa. Pinatubo wa Ufilipino, Juni 1991, ulirusha takriban tani milioni 15 hadi 20 za dioksidi ya salfa hadi ndani ya stratosfia. Kule hakuna mvua ya kuisafisha. Ikaenea ikawa ukungu mwembamba juu ya dunia nzima, ikarudisha sehemu ya mwanga wa jua, na mwaka uliofuata joto la dunia likashuka kwa karibu nusu nyuzi. Kilichotenganisha volkano hizi mbili katika habari ya tabianchi ni kuvuka au kutovuka tropopozi.

Kaboni dioksidi inayotokana na viwanda na magari hufanya kazi kinyume na salfa. Inazuia joto chini na kuiruhusu stratosfia kupoteza lake angani. Syukuro Manabe na Richard Wetherald walionyesha hilo kwa hesabu mwaka 1967: tabaka la chini litapata joto, la juu litapoa. Manabe alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Kama jua lenyewe lingekuwa chanzo, matabaka yote mawili yangepata joto pamoja. Vipimo vya maputo na setilaiti vimeonyesha yale yale ya Manabe. Sijui ushahidi mwingine ulio wazi kuliko huu kwa mtu anayesema kwamba dunia inajibadilisha yenyewe.

Kwa Kivu joto hilo lina maana mbili ninazoziona nzito. Kwanza, kila nyuzi moja ya joto huipa hewa uwezo wa kubeba mvuke zaidi kwa asilimia saba hivi, na mvuke ndio chakula cha dhoruba. Pili, ziwa lenyewe lina matabaka. Chini kabisa, hadi karibu mita 480, limehifadhi methani na kaboni dioksidi katika maji mazito ambayo hayachanganyiki na ya juu. Juu yake kuna maji yanayopumua. Kila kiangazi, kuanzia Juni, hewa kavu huvukiza maji ya uso wa ziwa, uso unapoa, maji yake yanazama na kuchanganyika hadi mita 60 hivi, yakirudisha juu rutuba inayolisha mimea midogo ambayo hatimaye hulisha sambaza. Sambaza wa Kituku hutegemea ukavu wa hewa ya Juni na Julai. Katika Ziwa Tanganyika, Catherine O'Reilly na wenzake waliripoti mwaka 2003 kwamba joto la uso na kupungua kwa upepo vimedhoofisha mchanganyiko wa maji, na uzalishaji wa mimea hiyo midogo umeshuka kwa takriban asilimia 20.

Tarehe 4 Mei 2023, siku ya Alhamisi, siku ya soko Nyamukubi, mvua kubwa iliporomosha mito na milima juu ya Nyamukubi na Bushushu katika Kalehe. Zaidi ya watu 400 walithibitishwa kufa na maelfu hawakuonekana. Siku mbili kabla yake, ng'ambo ya mpaka, mvua za aina hiyo hiyo ziliwaua watu zaidi ya 130 katika Rwanda ya magharibi na kaskazini. Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walijaribu kupima kama tabianchi iliyobadilika ndiyo iliyoongeza nguvu ya mvua ile. Juni mwaka huo walitangaza kwamba hawawezi kutoa jibu, kwa sababu vipimo vya mvua vya eneo hilo ni vichache mno na setilaiti hazikubaliani. Nilihuzunika kuliko ningehuzunishwa na jibu lolote. Watu wale walikufa, na hata swali la kwa nini halikuweza kuulizwa sawasawa.

Dagoretti, Nairobi, puto la vipimo hupanda na kusoma joto, unyevu na upepo hadi ndani ya stratosfia; kituo hicho hupima hata ozoni, kwa ushirikiano na idara ya hali ya hewa ya Uswisi tangu miaka ya 1990. Kutoka hapo hadi Kituku ni zaidi ya kilomita 800, na katikati kuna Ziwa Victoria na milima. Hewa kavu ya kilomita nne, ile inayoamua kama wingu litaangusha upepo juu ya boti au litanyesha tu na kuisha, haiwezi kujulikana kwa kuangalia kipimo cha Nairobi. Uwanja wa ndege wa Goma, mahali panapofaa kwa vipimo vya namna hiyo, ulifungwa mji ulipotekwa na waasi wa M23 Januari 2025.

Ziwa Victoria limeonyesha njia. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekuwa likitaja makadirio ya watu 3,000 hadi 5,000 wanaokufa maji huko kila mwaka. Kuanzia mwaka 2017, mradi wa HIGHWAY uliziunganisha idara za hali ya hewa za nchi za ziwa hilo: rada ya Mwanza, maputo ya ziada, setilaiti, na utabiri wa upepo na mawimbi uliogawanywa kwa kanda za ziwa na kusomwa katika lugha za wavuvi. Taarifa ilifika mialoni kabla mitumbwi haijatoka. Ziwa Kivu ni dogo kuliko Victoria zaidi ya mara ishirini na tano, na boti za Kituku huondoka kutoka sehemu chache zinazojulikana. Kipima upepo kimoja Minova, kingine Idjwi, kingine Kituku, na mtabiri anayeangalia picha za setilaiti kila robo saa, vingeweza kuona mstari wa upepo ukitoka Kalehe nusu saa kabla haujafika bandarini. Redio za Goma zinasikika ziwani. Saa za kutangaza zinajulikana: alfajiri kabla ya boti za abiria kupakiwa, na saa kumi na moja jioni, wavuvi wa sambaza wanapojaza mafuta kwenye taa zao.